Kifua Changu na Mwiko wa Ugali

Kama umeambiwa silikoni zako za matiti zitolewe, na sasa umelala chali unajiuliza kama utaweza tena hata kukamua nguo, sogea hapa tuongee. Mimi si daktari. Mimi ni mama lishe wa Tunduma, nina banda langu karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nitakueleza yaliyokipata kifua changu, mwanzo mpaka mwisho. Mengine yana aibu, lakini aibu yenyewe nimeshaizoea.

Kwanza nikiri. Niliziweka kwa hiari yangu, miaka minane kabla, wakati bado nauza vitenge na kusafiri na wenzangu. Nilikuwa nimenyonyesha watoto watatu, na hao watoto hawakuacha kitu. Wenzangu wakaniambia kuna hospitali huko nje, unaingia Jumatatu unatoka mtu mpya. Nikaenda. Nilirudi Tunduma nimetanguliwa na kifua. Mama yangu, ambaye ni mkulima wa kahawa kule Iyula, aliponiona tu akapiga vigelegele. Nikamwambia nimenenepa. Akawaambia majirani wote kwamba Tunduma imenipenda, na mume wangu ananitunza. Baba Neema, mume wangu, alikuwa anaijua siri yote. Alikaa pale anapokea sifa na kuku wa zawadi bila hata kupepesa macho.

Sasa, hizi za kwangu ziliwekwa chini ya msuli wa kifua. Nilipokuwa nauza vitenge hazikunisumbua, kwa sababu kitenge ukikikunja hakikukunji na wewe. Balaa lilianza nilipofungua banda la chakula. Sufuria langu la ugali ni kubwa, mtoto wa darasa la pili anaweza kuoga humo. Ukisonga, unasukuma mwiko kwa kifua, mikono ni ya kushikia tu. Basi kila nikikandamiza, msuli unabana, na titi linakimbilia kwapani. Nikilegeza, linarudi. Kandamiza, linakwenda. Legeza, linarudi. Madereva wakawa wanaacha kula samaki, wananitazama mimi. Nikashona aproni nene ya turubai, nikawaambia ni kwa ajili ya moshi.

Mwaka wa nane la kushoto likaanza kukaza. Likawa gumu, likapanda juu karibu na mtulinga, likaniuma mpaka mgongoni. Kulala ubavu siwezi, kulala kifudifudi ndiyo kabisa usitaje. Nikaenda hospitali moja kubwa Mbeya. Pale kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa Ileje aliyekuwa na bandeji shingoni. Akaniuliza, "Mwenzangu unaumwa nini?" Nikasema, "Kifua." Akahama benchi, akajifunika mdomo kwa kanga. Alidhani nina TB. Nilimwacha aamini hivyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Daktari alinipima, akatazama picha, akasema zitolewe zote mbili. Sikubisha. Nilikuwa na swali moja tu.

"Na mwiko je, daktari?"

"Mwiko gani?"

Nikasimama nikamwonyesha, pale pale ofisini, jinsi ninavyosonga. Alinitazama kwa makini, hakucheka, Mungu ambariki. Akaniambia ule msuli umeinuliwa na kunyooshwa kwa miaka minane. Watauondolea mzigo, wataurudisha mahali pake na kuushona, halafu utahitaji miezi kushika tena. Nguvu inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu.

"Itakuwa ipi?"

"Tutaona, mama."

Jamani, wengine wanaogopa kufa chumba cha upasuaji. Mimi niliogopa mwiko. Watoto wangu wawili bado wanasoma kwa ule ugali, na banda langu halina jina lingine zaidi ya ugali. Dereva ametoka Dar siku nne anakula vitu vya barabarani, akifika kwangu anataka kitu kimoja kilichosongwa kikaiva. Bila kifua, mimi ni mwanamke mwenye sufuria kubwa tu.

Nilipasuliwa mvua zikiwa zinaelekea kukatika. Nilipozinduka nilihisi kama kuna mtu amekaa kifuani, mtu mzito, na hana haraka. Nina bandeji kuzunguka mwili mzima, na vichupa viwili vya plastiki vinaning'inia ubavuni kukusanya maji maji. Baba Neema alivibandika kwenye kanga yangu kwa pini, kimoja kulia kimoja kushoto, akarudi nyuma kuangalia kama amenyoosha. Nikamwambia anipangie na shada la maua kabisa.

Nikupe ushauri wa kwanza, na huu hautaupata kwenye karatasi ya hospitali. Siku ya kurudi nyumbani chukua mto, uweke kati ya kifua na mkanda wa gari. Kutoka Mbeya kuja Tunduma kuna matuta mengi kuliko dhambi zangu. Kila tuta, mimi natoa mlio. Baba Neema akawa anayatangaza mapema, "Mama Neema, tuta!" nami nakumbatia mto. Tulipofika Mlowo alikuwa amekauka koo. Vwawa akaacha kutangaza, nikampiga na mto, na kule kumpiga kukaniuma kuliko tuta lenyewe.

Wiki ya kwanza vichupa vilitolewa. Wiki ya pili nyuzi. Siku ile ya nyuzi ndiyo nilijiona kwa mara ya kwanza. Nilijifungia bafuni nikafungua kanga. Kifua kilikuwa bapa, kimebonyea, ngozi imekunjamana kama soksi iliyovuliwa. Nililia. Wala sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Baba Neema akagonga, akaingia bila kuitwa, akaniona. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, nikajua sasa ndoa imekwisha.

"Huyu namfahamu," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anauza nyanya Mlowo, nikashindwa kuondoka na gari la watu."

Nikalia zaidi, safari hii kwa sababu nyingine. Halafu akaharibu, akauliza kama kuku aliopewa na mama mkwe itabidi awarudishe.

Hayo ya sura yalipita. Ya nguvu hayakupita. Sikuweza kufungua chupa ya soda. Sikuweza kusukuma mlango wa choo, ilibidi nigeuke niusukume kwa makalio. Kufunga kanga kifuani, kazi ya kila mwanamke tangu ana miaka kumi, nikawa nafungiwa na mume. Na msuli wenyewe ulikuwa unacheza peke yake. Nimekaa zangu kimya, mara unaruka tik, tik, tik, kama kope inayocheza. Niliogopa, nikampigia dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Akaniambia ni kawaida, msuli unatafuta mahali pake. Basi nikawa nauambia, tafuta mama, tafuta, ila usichelewe.

Huku bandani nilimwacha Skola, binti wa baba yangu mdogo. Skola ni mchapakazi, mwaminifu, ana mikono kama mchimbaji wa madini wa Galula. Lakini ugali wake, mh! Una mabonge. Dereva mmoja mzee wa Kizambia, Mzee Mulenga, ambaye amekula kwangu tangu siku ya kwanza, alinipigia simu. "Bamaayo," akasema, yaani mama kwa lugha yao, taratibu, kwa heshima zote, "hii nshima ya mdogo wako inataka nyundo." Nikaona nikibaki Tunduma nitaenda bandani na bandeji zangu. Baba Neema naye akaona hivyo hivyo, akanipeleka kwa mama Iyula.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mama alipouliza nimepasuliwa nini, nikasema uvimbe. Nilijua nikisema uvimbe hataendelea kuuliza. Kweli hakuuliza. Alikwenda kuwaambia akina mama wa kanisa.

Kesho yake asubuhi walijaa uani. Walikuja na unga, ndizi, jogoo wawili, na nyimbo. Waliniombea mpaka nikaanza kuamini nina uvimbe. Mama mchungaji akanishika mkono akasema, "Ukipona, Jumapili utatoa ushuhuda." Nikasema amina. Ungesema nini wewe?

Walipoondoka, mama akaingia chumbani na beseni la maji ya moto yanayofuka, chumvi, majani sijui ya nini, na taulo kubwa. Kwetu binti akirudi kwa mama yake hajiwezi, mama anajua kazi moja: kumkanda. Alinikanda hivyo mara zote tatu nilipojifungua. Anachovya taulo, anakamua nusu, anakupiga nalo tumboni, na ukipiga kelele anakwambia hata yeye alipiga kelele.

"Vua kanga."

"Mama, hapana. Daktari amekataza joto na amekataza kukandamiza."

"Daktari gani? Huyo daktari ana mama?"

"Mama, huku ni kifuani."

"Uvimbe wa kifuani ndiyo unahitaji kukandwa kabisa, damu mbaya itoke. Vua."

Taulo likawa limeshainuliwa, linadondosha maji. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye ule ukuta.

"Mama, si uvimbe! Ni matiti! Yalikuwa ya bandia! Nilikwenda kuwekewa, sasa yametolewa!"

Mama alisimama na taulo lake hewani. Maji yakamtiririkia mpaka kiwikoni.

"Yale?"

"Yale."

"Miaka yote ile?"

"Minane, mama."

Akakaa kitandani. Nikangoja matusi. Akasema, "Nilijua. Nilimwambia marehemu baba yako, katika ukoo wetu haijawahi kutokea." Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa lile taulo la moto, likamuunguza, akapiga yowe, nami nikacheka, na kucheka kukaniuma kifuani vibaya sana, nikamwomba anyamaze, ndiyo akazidi. Tulipotulia akanishika shavu. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Ningekuua kwa taulo, na ningekuwa nimekupenda."

Akina mama wa kanisa walirudi Ijumaa kuuliza maendeleo. Nilikuwa tayari kuaibika, lakini mama alinitangulia mlangoni. Akawaambia, "Kilichokuwa kinamtesa kimetoka chote, na wala hakikuwa chake." Wakaitikia amina kwa nguvu, mmoja akaanza kukemea mapepo. Mama hakuwasahihisha. Jioni alichinja jogoo mmoja akasema huyo ndiye wa ushuhuda.

Kuanzia siku ile mama akawa upande wangu. Dada wa mazoezi alikuwa amenipa zoezi la kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu, kama buibui, mpaka vinapoanza kuuma. Mama akaweka alama ya mkaa ukutani kila asubuhi pale nilipofika. Wiki ya kwanza alama zilikuwa usawa wa kidevu. Nikifika chini ya jana ananuna, nikipita jana ananipa parachichi.

Lakini moyo wangu ulikuwa Tunduma. Wiki ya tano Skola akapiga simu kwamba siku ile ugali umebaki nusu sufuria. Madereva wameanza kwenda banda la pili. Mama alikuwa shambani. Nikaingia jikoni, nikabandika sufuria dogo tu, la watu wawili, nikamwaga unga, nikashika mwiko. Nilisonga mara nne. Mara ya tano kifua kikafunga. Kilibana kutoka bega hadi bega, mikono ikagoma kushuka, pumzi ikakata. Nikabaki nimesimama mbele ya moto nimekumbatia mwiko, siwezi kusonga wala kuuachia, na ugali unaungua chini yangu.

Mama alinikuta hivyo. Alininyofoa vidole kwenye mwiko, kimoja kimoja. Nililia kama mtoto, nikamwambia basi, imekwisha, sitasonga tena, nitauza maji ya chupa mimi.

Alikung'uta ugali ulioungua akawarushia kuku. Ndipo akasema, "Mkahawa ukiukata shina, mwaka wa kwanza usiuulize matunda. Uulize majani."

"Mama, mimi si mkahawa."

"Ndiyo. Mkahawa usingekuwa mbishi hivi."

Kesho yake akanipeleka kwenye vichanja vya kahawa. Msimu ulikuwa umeanza, kahawa imemenywa na kuoshwa, imeanikwa juu ya wavu. Kazi yake ni kupitisha viganja juu ya zile mbegu, kuzisambaza na kuzigeuza zikauke sawa, na kuchomoa mbaya. Hubebi, husukumi. Mikono inakwenda mbele, inarudi, inafunguka pembeni. Nilianza na kichanja kimoja. Wiki iliyofuata viwili. Ukungu wa Juni ukawa unatukuta pale, baridi ya kukata masikio, mama upande wake, mimi wangu, tunasengenya ukoo mzima. Ile mitetemo ya msuli ikapungua, kisha siku moja nikagundua imekoma, sijui tangu lini.

Niliporudi Mbeya kuangaliwa, nimechelewa wiki nzima, dada wa mazoezi akauliza nimefanya mazoezi gani. Nikasema buibui na kahawa. Akataka nimwonyeshe hiyo kahawa. Nikapitisha viganja juu ya meza yake, faili zikaanguka. Akaniambia niendelee hivyo hivyo, na mwiko nisiuguse mpaka niweze kujisukuma kutoka ukutani mara kumi bila kuuma. Nilipojaribu mbele yake niliweza mara mbili. Ya tatu niligonga paji la uso.

Julai nikaweza tano. Katikati ya Agosti, upepo unapeperusha vumbi mpaka kwenye chai, nikafika kumi. Mama alinihesabia kwa sauti, majirani wakadhani tunauza mbuzi. Siku mbili baadaye nilikuwa Tunduma.

Skola aliponiona alinikabidhi mwiko kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Wiki ya kwanza nilisonga sufuria la watu wanne. Ya pili, la kumi. Kila nikimaliza nilikuwa nasimama nikisikiliza kifua, nikingoja kile kibano cha Iyula. Ya nne, Jumamosi, foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, watu wamejaa, na sufuria kubwa likachemka. Skola akanitazama. Nikamwambia akae pembeni, asiende mbali.

Nilimwaga unga. Nikatanguliza mguu wa kushoto, nikashusha mwiko, nikasukuma. Kifua kikashika. Sikuamini, nikasukuma tena. Nilikuwa naogopa na ninasonga, machozi na jasho vinashuka pamoja, na Skola ananifuta kwa kanga huku anasema, "Dada, chumvi, chumvi, ugali hautiwi chumvi!" Pale katikati, unapokuwa mzito kuliko wote, nilitaka kuacha. Sikuacha. Nikaugeuza, nikaufunika, nikakaa chini kwenye ndoo. Mzee Mulenga akala sahani mbili. Ya tatu akaomba afungiwe aende nayo Zambia.

Jumapili asubuhi niliamka siwezi kugeuka. Kifua kizima kinauma, kulia na kushoto, kutoka bega mpaka mbavuni. Nikajua nimeharibu, nimechana walichokishona, na miezi yote imepotea. Nikampigia dada wa mazoezi, nikamweleza sufuria lote. Akaniuliza kama kuna uvimbe. Hakuna. Kuna joto, wekundu? Hakuna. Sehemu moja inachoma? Hapana, inauma kote, sawa sawa, pande zote mbili.

Akauliza tena:

"Mama Neema, ukiwa msichana, siku ya kwanza ya kulima baada ya likizo ndefu, kesho yake ulikuwa unajisikiaje?"

Nikafikiri. Nikajigusa kifua, pole pole, kwa kiganja.

"Hivi hivi."

"Basi. Huumwi. Umefanya kazi."

Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni ameshika funguo za gari na ule mto, amevaa shati kinyume, tayari kwa matuta ya Mbeya.

"Vipi, inauma?" akauliza.

"Inauma, Baba Neema," nikamwambia, na nikashindwa kuzuia kicheko. "Inauma kweli kweli. Rudi ulale."